Buluu ya Chupa

Mama mkwe wangu alikuwa na macho ya dobi, na dobi mzoefu ni mtu wa kuogopwa. Ukiingia kwake anakupokea vizuri, anakukaribisha kiti, wewe unadhani anakutazama usoni, kumbe kola ameshaimaliza na sasa yuko kwapani. Kuuliza "habari za nyumbani" kwake kulikuwa adabu tu. Habari za nyumbani alishazisoma kwenye nguo.

Alijua ni nyumba ipi mume na mke hawalali tena kitanda kimoja, maana shuka lao lilichakaa upande mmoja. Alijua nani anatokwa na damu puani na anawaficha watoto wake. Alimjua yule karani mwenye suti, ambaye shati lake lilikuwa limegeuzwa kola na kushonwa upya ili upande uliochakaa uangalie shingo. Wala hakuwa msengenyaji, hilo nampa haki yake. Siri za watu alizitunza vizuri kuliko mwenye nyumba anavyotunza funguo. Ila zilimharibu. Mtu aliyekwisha kuona chini ya vitanda vya mtaa mzima hawezi kukuamini kwa sababu tu umevaa nyeupe.

Kazi yake kubwa ilikuwa mashuka ya wodi ya wazazi, kwenye kituo cha afya kilichokuwa nyuma ya mtaa wetu. Wanawake walijifungua juu ya mashuka yale, na yeye akayarudisha kama hakuna kilichowahi kutokea. Damu aliitoa kwa maji baridi, na ole wako umletee maji ya moto, maana moto unaipika damu ikashika kwenye pamba mpaka kiyama. Kisha magadi, kisha sabuni, kisha sufuria kubwa jikoni. Baada ya hapo kusuuza kwa maji matatu. "Maji ya kwanza yanatoa sabuni," alikuwa akisema. "Ya pili yanatoa uongo wa ya kwanza. Ya tatu ni kwa ajili ya roho yangu." Mwisho kabisa ndipo ilipokuja buluu: kidonge kimefungwa kwenye kitambaa, anakiminya ndani ya beseni mpaka maji yanapata rangi, anachovya shuka mara moja na kulitoa.

Buluu haisafishi kitu. Hilo wengi hawalijui. Pamba ikizeeka inaingia umanjano kama meno ya mvuta sigara, na hakuna sabuni itakayouondoa wote. Buluu kidogo inakaa juu ya umanjano huo na kuuziba, nawe unaona weupe ambao haupo. Mama mkwe alilijua jambo hilo na lilimfurahisha. "Hata weupe ni uongo, mke wa mwanangu," aliniambia wiki niliyoolewa. "Usije ukaja kusema hukuambiwa."

Mimi niliingia nyumba ile na chupa zangu, na hapo ndipo tulipoanza vibaya. Mimi ni mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari. Naosha vyombo, nachanganya dawa kabla ya somo, nahesabu mirija iliyovunjika. Lakini chupa hazikutoka shuleni, zilitoka utotoni. Baba yangu alikuwa kinyozi, na akimaliza kunyoa alipitisha jiwe la shabu kwenye kidevu cha mteja ili damu ikome. Vipande vilivyobaki nilivichukua mimi. Unayeyusha shabu kwenye maji ya moto mpaka maji yakatae kupokea zaidi, unayaacha yapoe, unaning'iniza uzi wenye chembe moja, unaondoka. Usitikise, usichungulie kila saa. Chembe ile inajiongeza yenyewe, pande zake zimenyooka na ncha zake kali, utadhani kuna sonara amejificha ndani ya chupa. Fuwele, ndilo jina lake. Nimezikuza tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuzichoka.

Nilizipanga dirishani chumbani kwetu. Mama mkwe alikuja, akainama, akazitazama moja moja kwa jicho lile lile la kola.

"Vinakula nini hivi?"

"Havili, Mama. Vinakua tu."

"Kitu kisichokula na kinakua," alisema, "mimi sikiamini."

Tangu siku hiyo akaniita Mkemia. Jina zuri, ila alilitamka kama mtu anayetema kokwa. Nami sikuwa malaika. Nina ulimi, na shaka ninayo ya kwangu: nilidhani ananichungulia chumbani nikiwa kazini, nikawa naweka unywele juu ya kifuniko cha chupa ili nijue. Mume wangu, fundi wa mafriji na mwanawe wa pekee, alipita katikati yetu kama kuku aliyenyeshewa. Anafungua friji ya mtu akajua ugonjwa wake kwa kusikiliza tu, lakini wanawake wawili ndani ya nyumba moja walimshinda.

Kitu pekee kilichonishinda mimi kilikuwa bustani ya mkaa. Nilisikia habari zake shuleni: unaweka vipande vya mkaa kwenye sahani, unamwagia mchanganyiko wa chumvi, maji, amonia na buluu ya nguo. Maji yanapanda kwenye vitundu vya mkaa, yanakauka juu, na chumvi inachipua matawi meupe, laini, kama ukungu wa mkate. Nilijaribu kwa buluu ya Mama mkwe, nikasaga kidonge vizuri kabisa. Nikapata ukoko. Nikajaribu tena, ukoko. Mama mkwe alipita akaona sahani yangu ya makaa yenye magamba, akasimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda zake. Nilijua ameiweka akilini.

Madoa yalianza muda mfupi baadaye.

Siku hiyo nilikuwa kazini, kwa hiyo nasimulia nilichoambiwa. Sista, yule mkuu wa wodi, alikuja nyumbani mwenyewe na furushi mkononi, naye hakuwa mtu wa kutembelea watu. Alilifungua pale uani. Mashuka yalikuwa na vidoadoa vya kahawia, kama mtu amepiga chafya na chai mdomoni. Mzazi mmoja alikataa kumlaza mtoto wake juu yake. Alisema ni damu ya mwingine, na nani angemlaumu?

Mama mkwe alilishika shuka, akaligeuza, akalinusa. Hakushtuka. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, nyumbani kwangu kuna mtu analeta dawa za maabara. Mke wa mwanangu. Ana makaa yake na chupa zake. Mimi nimefua mashuka yako miaka yote, uliwahi kuona hili?"

Sista alisema hakuwahi. Akasema pia kwamba likitokea tena, itambidi atafute mtu mwingine, hata kama roho inamuuma.

Niliporudi jioni nilikuta chupa zangu zimetolewa uani, zimepangwa ukutani kama washtakiwa. Nilifoka. Nilisema shabu haiachi doa la kahawia hata uilaze kitandani. Nilisema chumvi ni chumvi. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa. "Mimi sijui kemia," alisema. "Mimi najua shuka. Lilikuwa jeupe kabla hujaja."

Mume wangu alinivuta pembeni. "Zipeleke tu shuleni. Tuone."

Nikazipeleka. Nilizibeba kwenye kapu, nikiwa nimezifunga kwa kanga zangu, na njia nzima nilitukana kimoyomoyo. Mzigo uliofuata Mama mkwe aliupiga pasi nyumbani, na chini ya pasi, pale penye joto, vidoadoa vikajitokeza vile vile. Wangapi wangesema basi, huyu mtoto hana hatia? Yeye alisema, "Ameficha nyingine." Akasema huenda naleta unga wa dawa kwenye nguo zangu za kazi bila kujua, au nikijua. Nikatambua kwamba mtu akishaamua kukushuku, hata kutokuwepo kwako ni ushahidi.

Usiku ule ule mume wangu alizungumza akiangalia dari. Mama amesema Jumamosi ndiyo siku ya kupeleka mzigo. Ukitoka na madoa, kazi ya wodi imekwisha, naye hatakaa nyumba moja na aliyeiua. Kwa hiyo ingekuwa vizuri niende kwetu kwanza, nikapumzike.

"Nipumzike kutoka kwenye nini?"

 Sote wawili tulijua mwanamke anayekwenda kupumzika kwao anarudi lini. Nilimpenda mume wangu na nilikuwa na hofu, na sikuona aibu kumwambia yote mawili. Alinishika bega. Haikusaidia.

Basi na mimi nikaanza kushuku, na mimi nikishuku nashuku sawasawa. Nilishuku bomba, maana bomba likizeeka linatema kutu. Nikakinga maji kwenye glasi nyeupe, yakatulia, yakawa safi. Nilishuku pasi, nikaifuta kwa kitambaa chenye siki, kitambaa hakikubadilika. Nilishuku kamba ya kuanikia, vibanio, nikamshuku hata Sista, labda anatafuta sababu ya kumpa kazi ndugu yake. Mwishowe nikangoja Mama mkwe atoke, nikaingia kwenye kibanda chake cha kufulia, mahali ambapo sikuwahi kuingia bila kuitwa.

Nyuma ya kopo la wanga, limesukumwa mpaka ukutani, nilikuta chupa ndogo ya kioevu cha buluu iliyokolea mpaka inaonekana nyeusi. Sasa, kwa nini mtu afiche buluu kwenye kibanda cha dobi? Ni sawa na mwokaji kuficha unga. Nilimimina kiasi kwenye kichupa changu, nikairudisha ilivyokuwa, nikatoka nikinyata kama mwizi wa kuku.

Shuleni niliinusa, nikachovya karatasi, nikaona ni buluu ya nguo tu, ya maji badala ya kidonge. Nilivunjika moyo. Nilitarajia sumu, niseme kweli. Kwa kuwa mwalimu wa kemia alikuwa kwenye kikao na sikuwa na la kufanya, nikamimina kidogo kwenye sahani yangu ya mkaa, nikaongeza chumvi na amonia, nikaiacha juu ya kabati. Nilifanya hivyo kujiliwaza.

Asubuhi makaa yalikuwa yamechanua. Hakuna neno jingine. Matawi meupe yamepanda juu ya kila kipande, yana manyoya, yana vifundo, mengine yamefurika ukingo wa sahani na kuteremka mezani. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu, kisha nikanyamaza ghafla. Kidonge kilikuwa kimenipa ukoko mara zote. Chumvi ni ile ile, mkaa ni ule ule. Basi buluu hizi mbili zina rangi moja na si kitu kimoja.

Nikakaa nazo mezani kama askari wa upelelezi. Nilisaga kidonge kwenye glasi moja, nikaweka buluu ya chupa kwenye nyingine. Nikatia magadi. Kidonge hakikujali. Buluu ya chupa ilififia mbele ya macho yangu, ikapoteza rangi, na chini ya glasi likatua tope la kahawia. Nikalijua tope lile kabla halijatulia vizuri. Kutu. Buluu ya namna ile imetengenezwa kwa chuma, na ikikutana na magadi au sabuni kali inavunjika, chuma kinabaki peke yake. Kikipigwa pasi kinashika kwenye kitambaa. Nilijaribu na siki vile vile, kwa uadilifu: safari hii kidonge ndicho kilichopoteza rangi, kikatoa harufu ya yai viza mpaka nikafungua madirisha. Kila buluu na adui yake.

Nilichukua leso mbili nyeupe. Moja niliifua na kuisuuza kwa maji matatu, nyingine niliitoa kwenye sabuni na kuikamua tu. Zote nikazichovya kwenye buluu ya chupa, nikazikausha, nikazipiga pasi. Ya kwanza ikatoka nyeupe kama kawaida. Ya pili ikatoka na vidoadoa, kama mashuka ya Sista. Nilicheka kwa sauti. Nilikuwa tayari nimeshapanga maneno nitakayosema mbele ya mume wangu, na yalikuwa mengi.

Njiani nilipitia dukani ili nimalize kabisa. Niliamini muuza duka ndiye mchawi wangu: vidonge vimemwishia, amemuuzia mama wa watu chupa bila kumweleza.

"Vidonge havipo siku hizi?" nilimuuliza kwa ukali.

"Viko tele, dada. Boksi zima hili hapa."

"Sasa kwa nini unampa Mama buluu ya chupa?"

"Mimi nimpe?" Alikunja uso. "Ameitaka mwenyewe. Alisema vidonge vinamchosha."

Nilitoka pale nikitabasamu kwa dharau. Kidonge cha buluu ni kidogo kuliko kipande cha sukari, kinamchosha vipi mtu anayebeba mashuka mabichi? Uongo mwingine, nikasema. Na tena nilikuwa na swali ambalo nililiruka kwa sababu ya furaha yangu: sabuni kwenye mashuka ilitoka wapi, ikiwa Mama mkwe ni mwanamke wa maji matatu?

Ilikuwa Ijumaa, saa za mchana. Niliomba ruhusa, nikarudi nyumbani mapema na leso zangu mkobani. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi nusu. Sikubisha hodi. Nilitaka kumkuta.

Alikuwa ameinama juu ya beseni la sabuni, shuka mikononi. Alilivuta, likapanda kidogo likichuruzika, halafu vidole vyake vikafunguka. Hakuvifungua yeye. Vilifunguka vyenyewe, shuka likaanguka majini na kumrushia povu kifuani. Alijaribu tena. Akalizungusha kwenye mkono wa mbele, akalibana kwa magoti, akakamua kwa uzito wa mwili, na mdomo wake ulikuwa umekaza kama mtu anayeng'olewa jino. Yakatoka maji kidogo tu. Kisha akachukua fimbo yake ya kukorogea, akaliinua shuka lile na sabuni yake yote, akalisukuma moja kwa moja kwenye beseni la buluu.

Mabeseni matatu ya kusuuzia yalikuwa pale pembeni, yamejaa maji safi. Hayakuwa yameguswa.

Alihisi mtu, akageuka.

"Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi, Mama."

"Mwongo."

 Nilitoa leso, maana mikono yangu ilihitaji kazi. Alizichukua zote mbili, akaitupia jicho ile nyeupe, akaileta ile yenye madoa karibu na uso. Hakuuliza kemia. Akasema, "Hii haikusuuzwa."

"Ndiyo, Mama. Na buluu ya chupa haivumilii hilo. Ile ya kidonge ingevumilia."

"Kidonge siwezi kukiminya," alisema. "Tangu mvua zilizopita."

Niliielewa hapo hapo kauli ya muuza duka, na niliona haya kwa tabasamu langu la njiani. Lakini kulikuwa na jambo jingine.

"Mama, ulijua? Kwamba ni sabuni?"

"Mimi ni dobi. Nilijua kwenye shuka la kwanza, nilipolinusa."

"Mbele ya Sista."

"Mbele ya Sista."

"Sasa kwa nini mimi?"

Alinitazama, safari hii usoni kweli. "Wewe ulikuwa karibu," alisema. "Na ulikuwa na chupa."

Nilikasirika kiasi ambacho sijawahi kukasirika tena. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba ningefungashwa virago kesho, niingie kwa baba yangu na kapu la nguo, mtaa mzima unione, kwa sababu ya sabuni. Kwamba mwanawe angebaki bila mke, na yeye mama mtu angekaa anakula chakula chake kwa raha.  Yeye alisikiliza yote mikono ikichuruzika.

"Ungeenda kwenu," alisema nilipoishiwa. "Una baba, una kazi, una mikono. Mimi nikiondoka kwenye beseni naenda wapi? Wataniweka kwenye kiti, waniletee chai. Halafu watakuwa wananipita."

Sikumhurumia. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia hadithi hii hudhani nilimhurumia. Nilikunja mikono ya gauni la kazi, nikalitoa shuka kwenye buluu, nikalirudisha kwenye maji ya kwanza, kwa sababu Jumamosi ilikuwa kesho na nafasi yangu katika nyumba ile ilikuwa ndani ya mabeseni yale. Nilisuuza mzigo wote. Alikaa kwenye kigoda akinikodolea, na kila nilipotaka kuruka kwenda beseni la buluu alisema "bado," na kila mara alikuwa amesema kweli.

Mume wangu alirudi akatukuta tunaanika pamoja, akasimama getini kama amekosea nyumba.

"Mmejua ni nini?"

Leso zilikuwa mkobani. Maneno niliyoyapanga yalikuwepo yote, yamepangwa. Nikasema, "Ni buluu. Hii ya chupa ina chuma, haielewani na sabuni. Tunarudi kwenye vidonge."

"Kwa hiyo si mtu?"

"Si mtu."

Alifurahi mpaka akaanza kunisaidia vibanio. Mama mkwe alingoja mwanawe aende kuoga. Ndipo aliponisogelea, akashusha sauti.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Sijui, Mama."

"Hakuna asiyejua. Unataka nini kwangu?"

Hata hapo! Nilikaribia kucheka, kisha nikaona anauliza kwa hofu kabisa. "Nataka ulitoe jina langu huko ulikolitia," nikamwambia. "Basi."

Akaguna, akaingia ndani.

Asubuhi tulipeleka mzigo, mimi nikiwa nimeubeba kwenye kapu. Sikumwamini. Nilikwenda ili nisikie kwa masikio yangu. Ukumbi wa wodi ulikuwa umejaa, wanawake wenye mimba wamekaa kwenye benchi miguu mbele, wauguzi wawili wanaandika, mtoto analia mahali fulani. Sista alifungua furushi, akapeleka shuka dirishani, akalitazama dhidi ya mwanga. Akatazama jingine. Uso wake ukalegea.

"Afadhali, Mama. Ndiyo kazi yako hii. Nilijua ukimtoa yule mkwe mambo yatanyooka." Akanigeukia akitabasamu. "Na huyu ndiye msichana mpya wa kukusaidia?"

Sista hakuwahi kuniona. Kilichotakiwa ni Mama mkwe kusema ndiyo. Neno moja, na kazi inabaki, na heshima inabaki, na mimi ningekuwa msichana mpya mpaka nife. Nilimtazama. Nikasema moyoni, leo ndiyo nitamjua huyu.

Alinyoosha mkono wake wa kulia.

"Sista, nishike mkono."

Sista alishangaa, akaupokea kama watu wanavyosalimiana.

"Nimeubana wako kwa nguvu zangu zote," Mama mkwe alisema. "Unasikia kitu?"

Sista aliutazama ule mkono. Muuguzi mmoja aliacha kuandika.

"Basi hiyo ndiyo dawa iliyoharibu mashuka yako. Sikuweza kusuuza. Na huyu si msichana mpya, huyu ndiye mkwe wangu. Nilimsingizia mbele yako, nikijua." Hakupunguza sauti, na benchi zima lilisikia. "Haya yamesuuzwa na yeye."

"Mama yangu," Sista alisema taratibu, bado ameushika ule mkono. "Sasa nani atatufulia?"

"Muulize yeye. Mimi sina uso wa kumwomba."

Wote waligeuka kunitazama. Mama mkwe peke yake ndiye hakunitazama. Alikuwa anaangalia sakafu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona anaangalia chini. Niliweka kapu, nikaenda, nikautoa mkono wake kwenye mkono wa Sista nikaushika mimi. Alijaribu kunibana. Niliona mshipa wa shingo yake unavyotoka kwa kujaribu, na kwenye vidole vyangu sikusikia kitu.